Uso Kwenye Jalada la Santuri

Cutler, Mississippi
11 Machi 1962

Kwa Baba Mdogo Lemuel,

Nimeapa leo nitakueleza kila kitu, kizuri na kibaya, bila kuruka. Mwalimu wetu, Bi. Fontaine, anasema barua ya kufichaficha ni afadhali isiandikwe. Kwa hiyo naanza.

Kwanza salamu. Hapa nyumbani tunaendelea. Mto ulifurika mwezi uliopita lakini haukufika kibarazani. Baba hajambo ila kikohozi. Bibi hajambo, bado anapika jikoni kwa Bwana Royce Stroud, na bado analalamika kwamba kuku wa siku hizi ni mifupa na kelele. Mama alifariki nilipokuwa mdogo. Mimi naitwa Ozella, binti wa kaka yako Hosea, nina miaka kumi na minne. Hunijui. Nami nilikujua kwa jiwe la kaburi tu, kule nyuma ya kanisa, lenye jina lako na mwaka 1947. Kila inapokaribia Pasaka Bibi hunituma nikalipalilie.

Jana Dalton, mtoto wa Bwana Stroud, alikuja kibarazani kwetu na gramafoni yake ya kubeba. Yuko likizo kutoka chuo kikuu. Ni kijana anayependa muziki wetu kuliko tunavyoupenda wenyewe. Ana santuri kubwa za bluzi, na za jazi ambamo mtu anapuliza saksafoni upande mzima wa santuri bila kuchoka. Sisi hapa tunazijua zile ndogo tu za kwenye sanduku la muziki pale kwa Bi. Tuggle, wimbo huku na wimbo huku. Alichomoa moja, akamnyooshea Baba jalada.

Nilidhani ni Baba mwenyewe aliyepigwa picha, amekaa kwenye kiti cha jikoni na gitaa pajani. Nyusi zile zile, hata ule mkao wa kuinamisha bega la kushoto.

"Hosea, si huyu ndugu yako?" Dalton akasema, anatabasamu. "Nyuma wameandika yote. Ametoka hapa hapa Cutler."

Baba hakulipokea. "Watu weusi tunafanana sana, Bwana Dalton. Baba yako anasema hivyo kila siku."

Dalton akacheka, akaweka santuri. Bibi alikuwa anamenya kunde. Aliendelea kumenya mpaka wimbo ukaisha, kisha akasema, "Huyo anaimbia puani. Mwanangu hakuimbia puani, na mwanangu amekufa." Lakini kunde alikuwa anazitupa chini na maganda anayaweka bakulini.

Dalton aliponipa jalada nilishike, nilisoma mgongo wake haraka. Imeandikwa kwamba Sunny Bell ni jina la kazi, kwamba jina lako hasa ni Lemuel Crume, kwamba mwaka 1947 ulimpiga msimamizi wa shamba ukakimbilia Chicago. Na imeandikwa: "Kaka yake Hosea, aliyemfundisha gitaa, ndiye aliyezika jeneza tupu ili wasimtafute. Hadi leo analima shamba lile lile."

Baba amenikataza kulitaja jambo hili hata kwa kunong'ona. Anwani ya kampuni ilikuwa chini ya jalada, nikaikariri. Ukijibu, tuma kwa Bi. Fontaine mjini. Barua za shambani hupita kwenye duka la Bwana Stroud, na huko hufunguliwa.

Je, ni wewe?

Ozella Crume


Chicago
2 Aprili 1962

Ozella mwanangu,

Barua yako ilikaa kwenye ofisi ya kampuni chini ya kikombe cha kahawa cha mtu, ndiyo maana ilichelewa kunifikia. Mimi ni mzima. Baridi ya huku inauma kama mbwa wa jirani. Wikiendi napiga gitaa kwenye kilabu kimoja hapa South Side, siku nyingine nabeba mizoga machinjioni. Unaandika vizuri kuliko mhubiri. Mwambie baba yako kwamba... hapana, usimwambie mtu kitu.

Umeniuliza swali moja. Nami nina langu: nani mwingine amesoma nyuma ya lile jalada?

Sikiliza jinsi lilivyotengenezwa. Miaka kumi nimekuwa nikirekodi santuri ndogo. Santuri ndogo haina uso. Ina kikaratasi cha duara katikati, Sunny Bell, basi. Mwaka jana wakaja vijana weupe wawili wa chuo, wanataka santuri kubwa. Wakawaambia wapigaji wangu wakae nje. Wakachomoa gitaa langu la umeme wakanipa la mbao tupu, maikrofoni moja mbele, ubao chini ya mguu.

"Piga kama ulivyokuwa unapiga nyumbani," wakasema.

"Nyumbani tungekuwa na umeme, ningepiga la umeme."

Wakacheka wakadhani natania. Tulimaliza mchana mmoja. Kisha mmoja akafungua chupa, akaniambia santuri kubwa lazima iwe na maneno nyuma, nimweleze nilikotoka. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza. Alikuwa anasikiliza vizuri, Ozella. Nikajisemea, hii watanunua wanafunzi wenye ndevu wa kaskazini. Kule Cutler nani ana gramafoni ya santuri kubwa?

Sikuwaza kwamba Stroud naye angezaa msomi.

Muombe huyo Dalton aifiche. Mwambie ni ya thamani, mwambie jua litaikunja, mwambie lolote. Na bibi yako, bado anaweka pilipili nyingi kwenye maharage?

Sunny Bell


Cutler
20 Mei 1962

Kwa Baba Mdogo,

Natumaini baridi imekuachia. Hapa pamba imeota vizuri na Bi. Fontaine amenipa zawadi ya kamusi kwa insha yangu. Bibi anatembea, anakula kidogo.

Barua yako ilifika mjini wakati Bi. Fontaine ameenda kumuuguza dada yake. Alinipa Jumatatu ya Pasaka. Jambo lilitokea Jumapili. Niliapa nitakueleza yote, basi soma ukiwa umekaa.

Mchana wa Pasaka Dalton aliicheza santuri yako mezani kwao. Bibi alikuwa anaingiza paja la nguruwe. Kijana akasoma jalada kwa sauti mbele ya wageni, kwa fahari kabisa: "Baba, mtu wa hapa kwetu anasifiwa mpaka New York." Ujue kwamba katika nyumba ile husemwa jicho la Bwana Stroud lilitolewa na farasi. Dalton amekua akiamini farasi.

Bwana Stroud akaomba jalada. Alilisoma polepole kwa jicho lake moja. Kisha akamgeukia Bibi.

"Pearlie, nani amelala kule nyuma ya kanisa lenu?"

"Mwanangu, bwana."

"Basi twende tukamsalimie. Ni Pasaka, labda amefufuka."

Sisi tulikuwa bado kanisani. Waliingia na bunduki, mkuu wa polisi wa wilaya akiwa pamoja nao, wakamtoa Baba kwenye benchi la mashemasi. Wakampa koleo. Bwana Stroud akaegemeza jalada kwenye jiwe lako ili Baba amtazame ndugu yake huku akichimba. Kanisa zima tulisimamishwa tuangalie. Baba alichimba na suti yake ya Jumapili. Jeneza lilipasuka lilipovutwa, yakamwagika mawe ya mtoni na magunia ya mbegu za pamba zilizooza.

Mmoja wao akacheka. "Wamepanda mtu, hakuota."

Bwana Stroud hakucheka. Alisema, "Miaka kumi na mitano, Hosea. Kila asubuhi nanyoa mbele ya kioo nusu ya uso, najiambia angalau yule mbwa alikufa maji mtoni. Umeniibia hilo."

Alichukua koleo. Alimpiga Baba gotini kwa ubapa, kisha kwa makali. Sauti yake ni kama kuvunja muwa, na naisikia hata ninapoandika. Baba alipoanguka aliiweka mikono ardhini ajizuie, na Bwana Stroud akavipiga vidole. Wanaume wa kanisa walisogea hatua moja, bunduki zikainuliwa, wakarudi. Nilimwona mhubiri akijing'ata mkono mpaka damu ikatoka. Dalton alitoka kando ya gari akaja mbele. Alisema, "Baba, ni santuri tu," naye akachapwa kofi lililomwangusha miwani.

Hawakumpeleka Baba hospitali. Walimpeleka shamba la wafungwa la wilaya, kwa kosa la kula kiapo cha uongo juu ya kifo chako. Bwana Stroud alitutangazia pale pale makaburini: Lemuel akija, Hosea atatoka. Lemuel asipokuja, Hosea atabaki.

Siku iliyofuata Bibi alivaa aproni akarudi jikoni kwa Bwana Stroud. Nilimuuliza anawezaje. Akasema, "Nikiwa jikoni nasikia wanachopanga."

Sijui nikuombe uje au nikuombe usije. Ndiyo maana sikuombi kitu.

Ozella


Chicago
24 Juni 1962

Ozella,

Salamu sina. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Vidole vipi? Vya mkono wa kushoto au wa kulia? Niambie.

Uliandika kwenye barua ya kwanza kwamba nilimpiga msimamizi. Hivyo ndivyo nilivyomwambia yule kijana, kwa kuogopa kumtaja mwenyewe. Hakuwa msimamizi. Ilikuwa kwenye mizani ya pamba, watu wamepanga foleni na magunia, na Royce Stroud akampiga mama yangu kofi kwa kuwa kivuli cha mama kiliangukia mizani, Stroud asiione namba. Kivuli, Ozella. Nilichukua jiwe la mizani nikampiga nalo usoni. Na ningempiga tena leo, na safari hii nisingeacha jicho la pili.

Juzi nilimfuata yule kijana aliyeandika maneno ya jalada. Nilimvunja taya. Alikuwa ananiletea santuri mpya za wapiga jazi, amezibeba kifuani kama mtoto mchanga, zikasambaa ngazi nzima. Akawa analia na damu mdomoni, "Lakini ulinieleza mwenyewe, Bwana Bell. Niliandika ulichosema."

Nimepata bastola kwa mpiga tarumbeta mmoja. Nakuja. Usimwambie mtu, wala usiniulize siku.

Sunny


Cutler
9 Julai 1962

Lemuel Crume,

Rudi nyumbani. Bwana Stroud anasema yamekwisha na hana kinyongo. Ukija, kaka yako atafunguliwa siku hiyo hiyo. Panda basi la mchana uje peke yako.

Ozella Crume


Cutler
12 Julai 1962

Kwa Baba Mdogo mpendwa,

Natumaini u mzima na kwamba barua hii imeiwahi ile ya tarehe tisa, au angalau unazisoma pamoja. Umeona kwamba ile haikuwa na salamu. Nisingekuandikia bila salamu. Niliitwa dukani kwa Bwana Stroud nikakalishwa mezani, yeye nyuma yangu amezungusha nywele zangu mkononi. Kila nilipositasita alivuta. Aliposema neno "kinyongo" nilikataa kuliandika, kwa sababu si kweli, naye akanigonga uso mezani. Jino la mbele limelegea, lakini linashika tena. Bibi alinisukutua kwa maji ya chumvi.

Usije. Nasema hivi kwa kuwa nimemwona Baba. Waliniruhusu kumpelekea mkate wa mahindi. Analima akiwa ameketi, anajivuta kwenye mfereji kwa viwiko. Goti limeunga vibaya, mguu umegeukia nje. Umeuliza vidole: ni vya kushoto, vile vya kubana nyuzi.

Nilimwambia una bastola na unakuja. Akasema, "Mwambie nilimzika mara moja. Sina mikono ya kumzika tena."

Mlinzi akamwambia, "Crume, hayo maongezi yanapalilia?"

"Yanapalilia, bosi. Nang'oa magugu."

Alinikonyeza aliposema hivyo. Bado ni Baba yule yule. Nadhani akiachwa apone, na wewe ukikaa mbali, watachoka naye. Watu huchoka hata na chuki, Bi. Fontaine anasema hivyo. Nimeamua kuamini.

Bi. Fontaine ameandika kwa wakili mmoja mweusi kule Jackson. Hatujapata jibu.

Mwanao,
Ozella


Chicago
19 Agosti 1962

Ozella mwanangu,

Natumaini jino limeshika. Joto la huku sasa ni la kukaanga yai barabarani.

Nilifika Memphis. Nilikaa stesheni ya mabasi, bastola ndani ya sanduku la gitaa, tiketi ya Cutler mfukoni. Basi likaja, dereva akaita. Nilikuwa nimekwisha kusimama. Zaidi ya hapo usiniulize.

Kampuni imenisamehe lile la taya. Wanataka santuri kubwa nyingine, nami nimewaambia safari hii hakuna uso wala maneno nyuma, waweke picha ya mti. Wamekubali. Halafu kuna safari ya ng'ambo, Ujerumani na pande hizo. Wameandaa kundi la wanamuziki wa bluzi tuzunguke pamoja miji mikubwa msimu wa vuli, kwenye majumba ya tamasha yenye viti vya mahameli. Wananiambia watu wa huko wanakaa kimya kabisa ukiimba, hawatafuni wala hawagombani.

Nimetunga wimbo juu ya Hosea. Ni mzuri, Ozella. Nikiuimba, kilabu chote kinanyamaza, na unajua South Side hawanyamazi hata kwa mazishi. Nataka nianze nao huko.

Umesema nisije. Nimetii.

Sunny


Memphis, Tennessee
7 Septemba 1962

Kwa Baba Mdogo Lemuel,

Sisi ni wazima wawili, mimi na Bibi. Tuko kwa mjane mmoja wa kanisa, binamu yake Bi. Fontaine, na anatulisha vizuri. Nakuandikia nikiwa nimetulia, kwa hiyo usidhani nimezidisha mahali popote.

Baba amefariki. Walisema alikimbia. Mtu ambaye goti lake limeangalia nje hakimbii, na risasi ziliingilia kifuani. Bwana Gaither, yule mzishi wetu, alitumwa akachukue mwili, akaupitisha nyumbani ili Bibi amwone. Bibi alimwosha mwenyewe. Aliponyoosha vile vidole vya kushoto havikunyooka, akaviacha.

Asubuhi iliyofuata akavaa aproni.

"Bibi, leo usiende," nikamwambia.

"Leo ndiyo siku ya kuku."

Nilimfuata kwa kuwa niliogopa kubaki na Baba peke yangu. Bwana Stroud alikuja jikoni karibu na saa sita, amevua kofia, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake.

"Pearlie," akasema, "sisi sote ni wazee sasa. Mtoto mmoja kwa jicho moja, naona tumelingana. Mwandikie Lemuel aje kumzika nduguye. Sitamgusa."

Bibi alikuwa anatazama karai. "Ndiyo, bwana. Ngoja mafuta yapate moto."

"Sina haraka."

"Najua, bwana. Hujawahi kuwa nayo."

Alitia kipande kimoja, kikachemka vizuri. Akashika karai kwa matambara mawili, akageuka, akammwagia Bwana Stroud usoni. Yote. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kulia kwa sauti nyembamba kiasi kile. Alianguka akivuta kitambaa cha meza pamoja na vyombo, akawa anajipapasa uso, na ngozi ikawa inakuja na mikono. Bibi alizima jiko. Akanyoosha aproni, akaniambia, "Chukua mkoba wako."

Mlangoni tulikutana na Dalton. Alimtazama baba yake, akatutazama sisi. Nilidhani atapiga kelele. Alisogea pembeni tukapita. Sijui ni kwa huruma au kwa woga.

Tulitoka Cutler ndani ya gari la maiti, tumelala sakafuni kando ya jeneza la Baba. Askari walilisimamisha gari mara mbili. Bwana Gaither aliwaambia mwili umeharibika kwa joto, wangependa kufungua? Hawakupenda. Baba alitufikisha salama. Tumemzika hapa Memphis, kwenye makaburi ya watu tusiowajua, kwa jina lake kamili. Mjane anasema habari zimefika kwamba Bwana Stroud yuko hai na haoni kabisa, na kwamba kule Cutler wamechoma nyumba yetu na kanisa, na wanamtafuta mwanamke mzee mwenye aproni.

Sina hasira na wewe, Baba Mdogo. Nimejichunguza nikaona sina. Nimewahi kufikiri kwamba kama hakungekuwa na lile jalada nisingekujua kamwe, na kwamba Baba angekuwa anakohoa kibarazani sasa hivi. Nayashika yote mawili, siachi moja. Bi. Fontaine anasema Chicago kuna shule ambazo msichana anaweza kumaliza na kuwa mwalimu. Ningependa hilo sana. Nimebeba kamusi.

Lakini Bibi amekataa kupanda treni. Anakaa kitandani, mikono pajani ina malengelenge ya mafuta, na anasema maneno yale yale kila nikimsihi: hataenda kumtafuta mwana kwenye mji ambao huenda mwana hayumo. Alikaa kimya miaka kumi na mitano ili wewe uishi, na anasema hawezi kufika stesheni akakuta watu wengine tu. Nimemficha habari ya Ujerumani. Ni kitu pekee nilichomficha mtu tangu Machi, na kinanilemea.

Mjane hawezi kutukalisha zaidi ya wiki hii. Treni ya kwenda kwenu hutoka hapa kila jioni. Nijibu kwa posta ya kurudi, kwa mkono wako na kwa jina lako, ili nimsomee Bibi neno kwa neno: tukishuka Chicago, utakuwa umesimama pale, au utakuwa Ujerumani ukimwimba baba yangu?

Mwanao,
Ozella